Uzi: Mtoto halali usiku? Tizama kwanza sahani yake ya mchana (miezi 6 hadi miaka 2)

Nesi_Micheweni

Assalaam alaykum. Maswali ya usingizi humu hayeshi, na mengi jibu lake liko jikoni, si kitandani. Mtoto wa mwaka mmoja anayeamka mara tano kunyonya aghlabu ndiye yule yule ambaye mchana "hapendi kula". Amenyonya usiku kucha, asubuhi njaa ataitoa wapi? Anapewa uji mwepesi na chai, mchana vijiko vitatu vya wali, jioni biskuti. Tumbo limejaa, mwili haujashiba. Ikifika saa sita usiku anakuja kudai chake. Anayetaka kurekebisha usiku aanze na mchana.

Uzi huu ni wa kuanzia miezi sita kamili. Kabla ya hapo ni ziwa tu, bila maji, hata joto la kaskazi likizidi. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa ya mama ni maji. Na wa miezi miwili msimdai usiku mzima, bado hajatofautisha usiku na mchana.

Vipimo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) ndivyo hivi. Mwezi wa sita unapotimia anza na vijiko viwili vitatu vya chakula kwa mlo, mara mbili kwa siku, umpandishe taratibu mpaka nusu kikombe. Miezi 6 hadi 8 milo miwili au mitatu. Miezi 9 hadi 11 milo mitatu au minne, nusu kikombe hadi robo tatu. Kuanzia mwaka hadi miaka miwili, milo hiyo hiyo mitatu au minne lakini robo tatu hadi kikombe kizima, na kitafunio mara moja au mbili katikati. Kikombe ni cha mililita 250. Kikombe cha kahawa hakihesabiki.

Usingizi, ukijumlisha na wa mchana: miezi 4 hadi 11 ni saa 12 hadi 16, mwaka mmoja hadi miwili ni saa 11 hadi 14. Pigeni hesabu kabla ya kulalamika. Mtoto wa mwaka aliyelala jumla ya saa nne mchana hawezi kukupa saa kumi na mbili usiku.

ukhti_wa_Paje

Shukran dada. Mtoto wa miezi 10, uji anamaliza vikombe viwili kwa siku, haukatai, lakini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala mwezi wa pili huu. Unga wa lishe wa nafaka saba. Tatizo nini?

Nesi_Micheweni

Unga vijiko vingapi kwa kikombe cha maji?

ukhti_wa_Paje

Viwili. Ukiwa mzito anautema.

Lishe_Chake

Basi hapo hapo. Kijiko kimoja cha chakula cha unga, kilichosawazishwa, ni gramu 8 hivi, na kinatoa kalori 30 au chini yake kidogo. Vijiko viwili kwa kikombe ni kalori 60. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anahitaji kama kalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na ziwa. Kwa uji huo itabidi anywe vikombe vitano. Na tumbo lake linachukua kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo nane linajaa kwa kikombe kimoja. Hashibi, anajaa tu. Hiyo habari ya nafaka saba haibadilishi kitu: maji ni maji hata ukitia nafaka ishirini. Tena ule unga wa mchanganyiko wenye karanga na soya ndani unachacha haraka kwa unyevu wa visiwani. Saga wa wiki mbili tu, karanga ziwe mbali, uzisage siku ya kupika. Karanga iliyosinyaa au yenye ukungu itupe, sumukuvu haifi kwa moto.

Kipimo cha macho: chota uji, inamisha kijiko. Ukichuruzika kama maji ya mchele, rudisha jikoni. Unatakiwa ukae kwenye kijiko na uanguke kwa donge. Hiyo ni vijiko vinne hadi vitano vya unga kwa kikombe. Akiutema kwa uzito, usiongeze maji. Tumia kimea.

Lishe_Chake

Naendelea, maana kimea kitaulizwa tu.

Nunua ulezi nusu kilo, soko la Darajani unapatikana. Osha, loweka usiku mmoja (saa 12), chuja, utandaze juu ya kitambaa chenye unyevu na ufunike. Suuza mara mbili kwa siku. Baada ya siku mbili utakuwa umetoa vimizizi vyeupe. Anika juani mpaka ukauke wa kukatika, sugua kwa viganja vimizizi vitoke, pepeta, saga. Ukinusa harufu ya uvundo au ukiona unywele wa kijivu au kijani, usipepete, tupa wote. Kwa mtama ni hivyo hivyo, ila machipukizi na mizizi yake lazima yatoke yote, yana sumu ya aina ya ile ya muhogo mchungu. Kwa mtoto mimi nachagua ulezi.

Kutumia: pika uji mzito kabisa, karibu na ugali. Epua. Acha upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe, koroga. Ndani ya dakika chache utauona unalegea wenyewe bila tone la maji. Urudishe motoni uchemke dakika mbili tatu, kwa sababu kimea kinaota kwenye unyevu na hubeba vijidudu. Uji utabaki mwepesi, lakini unga ni ule ule vijiko vitano.

Kisha tia vijiko viwili vya tui zito, la kwanza, lililokamuliwa bila maji mengi. Kila kijiko ni kama kalori 30 nyengine. Sukari haina kazi hapo, inamfundisha ulimi tu.

baba_pacha

Samahani, hivi uji si wa asubuhi tu? Nyumba nyingi humpa mtoto uji mpaka anatimiza miaka miwili, asubuhi, mchana na jioni.

Nesi_Micheweni

Ndiyo tabu yenyewe. Uji mlo mmoja, basi. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakwisha karibu na mwezi wa sita, na ziwa lina chuma kidogo. Uji mtupu hauirudishi. Lazima kila siku apate kitu cha samaki, dagaa, ini, yai au nyama, na jamii ya kunde kama choroko. Mtoto mwenye upungufu wa chuma huwa mkavu wa hamu ya kula, na usingizi wake ni wa kuhangaika, anarusha miguu na kugeuka geuka. Watu wanampaka mvuje kumbe anataka ini. (Mvuje ukimfunga mkononi hatugombani. Kumnywesha hapana, kwa mchanga ni hatari, unaweza kuiharibu damu ikashindwa kubeba hewa.)

Mkitaka uhakika, wingi wa damu unapimwa hata kituo kidogo. Tangu 2024 WHO wanahesabu upungufu kwa miezi 6 hadi 23 ukiwa chini ya gramu 10.5 kwa desilita. Zamani ilikuwa 11, kwa hiyo msishangae mkikuta karatasi mbili zinapingana.

Chanja_la_Dagaa

Kuhusu dagaa niachieni. Dagaa wa kwetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo ukiwasaga moja kwa moja umempa mtoto chumvi ya mtu mzima. Chagua walioanikwa juu ya chanja, si chini. Wa chini utawajua: paka kiganjani, sugua, kikibaki kama unga wa msasa ni mchanga. Kata vichwa, toa tumbo (uchungu uko humo). Loweka maji ya vuguvugu nusu saa, mwaga, rudia mara ya pili. Onja mmoja, ukisikia bado chumvi rudia ya tatu. Anika tena juani au kausha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka wavunjike kwa vidole. Twanga kwenye kinu, chekecha kwa chekeche ya unga. Kijiko kimoja cha chakula katika bakuli la mtoto kinatosha. Kopo la kioo lililokaushwa, kifuniko cha kukaza, wiki mbili. Kikianza kushikana madonge, usimpe.

Ng'onda na papa mkavu si vya mtoto. Chumvi imezidi, na papa na nduaro ni samaki wakubwa wanaokusanya zebaki mwilini. Mbichi mpe changu au tasi. Chemsha, mwage kwenye sahani nyeupe, pambua kwa vidole viwili, usitumie uma. Mwiba hauonekani kwa macho, unasikika kwa kidole.

MamaShamba

Mseto wa choroko wa mtoto mpikeje? Wangu wanautapika.

Lishe_Chake

Wanaotapika mseto mara nyingi ni ambao walisagiwa kila kitu kwa blenda mpaka mwezi wa kumi. Mdomo haujajifunza punje. Kufika mwezi wa nane, au wa tisa ukichelewa sana, acha blenda, ponda kwa mwiko. Akikunja uso au akikokomoa kidogo si kwamba anapaliwa. Anayepaliwa kweli hatoi sauti.

Kwa mtoto mmoja milo miwili: mchele vijiko vitatu vya chakula, choroko zilizokobolewa vijiko viwili, maji vikombe viwili, kipande cha boga cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Moto wa chini dakika 35 hadi mchele upasuke. Dakika tano za mwisho tia mchicha au matembele yaliyokatwa wembamba, unga wa dagaa, na vijiko viwili vya tui zito. Chumvi acha mpaka atimize mwaka. Ndimu ikamue ikiwa sahanini tayari, si sufuriani. Ile vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua chuma cha choroko, na moto unaiua.

Mlo wa pili usiuache chini ya kawa mpaka jioni. Kwa joto letu saa mbili ni nyingi. Friji, na upashwe mpaka utoe mvuke katikati, si pembeni.

Shelisheli na muhogo vinampendeza mtoto, sikatai, lakini vyote viwili ni wanga mtupu. Ponda na dagaa au yai, au usivihesabu kuwa mlo.

msafiri_Malindi

Mnatia chumvi nyingi kwenye maneno. Wazee wote visiwani wamelelewa kwa chai na boflo, wako wazima.

Nesi_Micheweni

Waliokua wako wazima, mzee wangu. Chai ya rangi au ya maziwa, yote ina kitu kinachofunga chuma tumboni kisiingie mwilini. Ukimpa mtoto choroko na dagaa halafu ukamshushia kikombe cha chai, umefuta nusu ya kazi. Na maziwa ya ng'ombe si kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka: yana chuma kidogo, na yanaweza kukwaruza utumbo ukavuja damu kidogo kidogo isiyoonekana. Baada ya mwaka, nusu lita kwa siku isivukwe. Wa lita nzima ndio wale weupe wa viganja.

Asali nayo, kabla ya mwaka hapana kabisa, hata ya kulamba, kuna mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli mpaka pumzi. Tahniki asili yake ni tende. Tende laini, mkono uliooshwa, kidogo cha kupaka kaakaa tu.

baba_pacha

Tumefika kwenye usingizi sasa au bado?

Bi_Usingizi

Tumefika. Sisi wa visiwani tuna bahati moja wasiyonayo watu wa Ulaya: jua letu halichezi. Magharibi mwaka mzima inacheza ndani ya dakika arubaini hivi, kwa hiyo adhana ni saa nzuri ya mtoto. Aoge kabla ya Magharibi. Ale chakula kizito baada ya adhana, kama saa moja kasorobo. Taa ipunguzwe, simu yenye katuni iondoke chumbani kabisa. Anyonye AKIWA MACHO, afutwe au apigwe mswaki (dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele), kisha alazwe kitandani kabla Isha haijamalizika.

Nimeandika "macho" kwa herufi kubwa kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Usingizi wa mtoto unakwenda kwa mizunguko ya kama saa moja moja, na kila mwisho wa mzunguko anazinduka kidogo. Akiwa alilala na chuchu mdomoni, akizinduka anaitafuta. Si njaa hiyo, ni kwamba kitu alicholala nacho hakipo. Akilala akiwa kitandani anasinzia sinzia, atazinduka, atageuka, atalala tena. Chupa ya maziwa mdomoni usiku kucha ni mbaya zaidi, meno ya juu ya mbele yanaoza kabla hajatimiza miaka miwili.

Mchana: wa miezi 6 hadi 8 mara tatu, wa miezi 9 hadi mwaka na robo mara mbili, baada ya hapo polepole anabaki na mmoja baada ya Adhuhuri. Vyovyote viwavyo, Alasiri ikiadhiniwa awe macho. Wazee walikataza kulala baada ya Alasiri kwa sababu zao, lakini kwa mtoto wamepatia: aliyelala saa kumi na moja jioni hulali naye saa mbili.

ukhti_wa_Paje

Na wa miezi 10 ninayemuuliza, nimkatize kunyonya usiku?

Bi_Usingizi

Bado. Mstari wa kadi umelala, huyo anahitaji kila tone. Kwanza tengenezeni uji, aone milo minne, chakula kitangulie na ziwa lifuate mchana. Mstari ukinyanyuka wiki nne mfululizo na ametimiza mwaka, ndipo mnapunguza: kila baada ya usiku mbili punguza dakika mbili za kunyonya, au baba ndiye amwendee kwa maji kwenye kikombe. Kunyonya mchana kuendelee mpaka miaka miwili, Qurani imeitaja na WHO wanasema miwili au zaidi.

Na tafadhali msipake shubiri wala pilipili, wala msimpeleke kwa bibi wiki nzima ili asahau. Unamnyima ziwa, mama na nyumba kwa siku moja, halafu mnashangaa kakataa kula.

Nesi_Micheweni

Hapa naomba niingilie. Mtoto akikonda mama akiwa mjamzito, mavyaa atasema kabemendwa. Usibishane naye, pima mkono. Utepe wa kliniki, katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto umelegea. Chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, chini ya 11.5 ni mkali, nenda siku hiyo hiyo. Miguu ikivimba ukibonyeza ikaacha shimo, usingoje hata utepe. Na mimba peke yake haiharibu maziwa.

fundi_seremala_Wete

Mmesahau kitanda. Samadari ni kirefu, na watu hukisogeza ukutani mtoto asianguke. Akishabiringika anakwama baina ya godoro na ukuta, uso chini. Ama ukuta na godoro vigusane pasipite hata kidole, ama kitanda kivutwe mbali kabisa na ukuta, godoro lishushwe sakafuni. Godoro la sufi lililobonyea katikati si la mtoto mchanga, linamkunja na kumviringisha kwa mama. Jaribu: bonyeza ngumi juu yake, inua. Alama ikibaki, ni laini mno. Susu la kanga ni zuri kumtuliza, si kumwacha alale humo, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabana. Mgongo chini, mto hapana, chandarua kikazwe chini ya godoro kisining'inie usoni.

Bi_Usingizi

Ahsante fundi. Na joto: nepi na fulana nyepesi vyatosha. Shika shingo yake nyuma, ikiwa na jasho mvue. Feni ipige ukutani, isimwelekee.

mfanyakazi_Mwanakwerekwe

Maziwa ya kukamua yanakaa muda gani umeme ukikatika?

Nesi_Micheweni

Vitabu vinasema saa nne nje, lakini kwa joto lisilozidi 25. Kwetu wakati wa kaskazi sehemu nyingi ni zaidi ya 30, kwa hiyo chukulia kuwa nje hayakai: yaingie baridini mara tu ukimaliza kukamua. Friji siku nne, nyuma ndani, si mlangoni. Umeme ukikatika usifungue mlango. Kibebeo chenye barafu kinahifadhi siku moja. Yaliyoyeyuka hayagandishwi tena, na aliyobakisha mtoto kikombeni yatupwe baada ya saa mbili.

MamaShamba

Ramadhani je? Nyumba nzima iko macho mpaka daku.

Bi_Usingizi

Futari ale na nyinyi, hakuna ubaya, ila kijiko chake kitangulie kabla ya tambi na kaimati hazijamjaza. Kisha alale saa ile ile ya Isha, mlango urudishwe. Kwenye daku asiamshwe kwa huruma.

ukhti_wa_Paje

Nimerudi. Kimea nimepika, uji umebaki mzito vile vile kama ugali.

Lishe_Chake

Ulitia ukiwa bado unachemka?

ukhti_wa_Paje

Ndiyo, jikoni hapo hapo.

Lishe_Chake

Umekiunguza. Kile kinacholegeza uji kinakufa kwenye moto wa kuchemka. Epua, ngoja mpaka ukichovya kidole kivumilie sekunde mbili tatu, ndipo utie kimea, ukoroge, uhesabu dakika kumi, halafu urudishe motoni. Ukitia ikiwa baridi kabisa nako hakitofanya kazi. Na kama ulezi uliukaanga badala ya kuuanika, hicho si kimea tena, ni unga wa kawaida.

ukhti_wa_Paje

Niliukaanga kidogo. Mvua.

Lishe_Chake

Basi anza upya jua likitoka. Kwa leo pika uji wa vijiko vitano hivyo hivyo, tia tui, mlishe kwa kijiko kidogo.